Kumtambua dume na jike wa wadudu waharibifu: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa shamba na ghala

Mkulima anayetundika mtego wa feromoni katika shamba la mahindi au la nyanya, akaufungua asubuhi na kukuta nondo makumi kadhaa, huona kwamba nusu ya kazi imekwisha. Nondo hao, hata hivyo, wote ni madume. Harufu iliyotiwa kwenye kile kizibo kidogo cha mpira ni nakala ya harufu anayoitoa jike anapotafuta mwenzi, kwa hiyo majike hawana sababu ya kuifuata. Wao hubaki shambani, na kwa kuwa dume mmoja aliyenusurika anaweza kujamiiana na majike kadhaa, mayai yanaendelea kutagwa huku mtego ukijaa.

Mitego mingine hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Kwa dumuzi wa mahindi, yule aliyejitokeza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye baadhi ya wakulima walimbandika jina la Scania, dume ndiye anayetoa harufu akishapata chakula, na harufu hiyo huwaita madume na majike pamoja. Idadi ile ile ya wadudu katika mitego miwili inaweza basi kuwa na maana mbili zilizo mbali sana, na anayetaka kuzisoma takwimu zake vizuri hana budi kujua ameshika nani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumtambua dume na jike kwa kutazama maumbile ya nje, bila maabara, kwa wadudu ambao mkulima, afisa ugani au mtunza ghala wa Afrika Mashariki hukutana nao mara kwa mara.

Hatua ya kwanza: andaa vifaa

Vifaa ni vichache. La msingi ni lenzi ya mkono yenye ukuzaji wa mara 10, ya aina ambayo masonara na mafundi saa huitumia. Kwa fukusi na wadudu wa kunde, lenzi ya mara 20 hupunguza mabishano. Kamera ya simu iliyobanwa lenzi ndogo mbele yake hufaa pia, na ina faida kwamba picha inaweza kukuzwa na kutumwa kwa mtu mwenye uzoefu zaidi. Pamoja na hiyo, tafuta pinseti yenye ncha nyembamba, brashi laini ya rangi, karatasi nyeupe isiyong'aa, tochi, chupa ndogo zenye vifuniko na spiriti ya hospitali ya asilimia 70.

Tochi isidharauliwe. Mwanga unaotoka juu moja kwa moja huficha vishimo na mikunjo, ilhali mwanga unaolazwa kutoka ubavuni huvitilia kivuli na kuvifanya vionekane. Kwa fukusi, tofauti kati ya kuona alama na kutoiona mara nyingi ni mahali tu ulipoishikia tochi.

Hatua ya pili: mtulize mdudu bila kumharibu

Mdudu anayetembea hachunguziki. Weka chupa yenye nzi wa matunda au wadudu wa ghalani kwenye sehemu ya kugandisha ya jokofu kwa dakika chache, kisha uwamwage juu ya karatasi; watabaki wametulia hadi wapate joto, na wakianza kuchezesha miguu warudishwe. Palipo hapana umeme, chupa iliyozungushiwa vipande vya barafu hutosha. Fukusi ana hila yake: akiguswa hukunja miguu na kujifanya amekufa, jambo linalompa mchunguzi nafasi fupi ya kumtazama hata bila baridi.

Nondo wasitiwe kwenye spiriti kabla ya kuchunguzwa. Michoro ya mabawa yao imetokana na magamba madogo mno yanayobanduka kwa urahisi, na nondo aliyelowa hupoteza alama ambazo ndizo tunazozitafuta. Waache kwenye jokofu hadi wafe, kisha uwashike kwa pinseti kwenye shina la bawa. Kwa sababu hiyo hiyo, anayekusudia kuchunguza jinsia atumie mtego wa ndoo badala ya ubao wa gundi. Gundi inatosha kwa kuhesabu, lakini huharibu sura.

Hatua ya tatu: mjue mdudu mwenyewe kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo chanzo cha makosa mengi. Alama inayotenganisha dume na jike katika spishi moja haihamishiki kwenda spishi nyingine, hata kama wadudu hao wanafanana. Katika mitego ya kiwavijeshi vamizi barani Afrika, kwa mfano, huingia pia nondo wa aina nyingine, hasa Leucania loreyi mwenye mabawa ya rangi ya majani makavu, na asiyemjua anaweza kumhesabu kuwa ni jike wa kiwavijeshi kwa sababu tu hana madoa ya dume.

Ukubwa wa mwili nao usitegemewe peke yake. Ni kweli kwamba katika wadudu wengi jike huwa mkubwa kuliko dume, lakini ukubwa hutegemea pia chakula alichokula mdudu alipokuwa buu: fukusi aliyekulia ndani ya punje ya mahindi huwa mkubwa kuliko ndugu yake aliyekulia ndani ya punje ya mtama, awe dume au jike.

Wako pia wadudu ambao hakuna haja ya kuwapima kwa swali hili. Vidukari wa maeneo yenye joto karibu wote ni majike, nao huzaa bila kuhitaji dume. Kidung'ata wa mihogo, Phenacoccus manihoti, aliyeenea barani Afrika tangu miaka ya 1970, vilevile huishi kwa majike matupu. Kwa viwavi na mabuu wengine, jinsia haionekani kirahisi kwa nje, na ni afadhali kungoja wafikie hatua ya pupa, yaani ile ya kutulia kabla ya kuwa mdudu mzima, ambayo itaelezwa mbele.

Anayetaka kuzoeza jicho kabla ya kugusa wadudu wa mazao aanze na mbu, kwa sababu kila nyumba inao. Mbu dume ana vipapasio vilivyojaa manyoya marefu, na jike ana nywele chache fupi. Tofauti hiyo huonekana hata kwa lenzi hafifu.

Hatua ya nne: tazama mwisho wa tumbo

Kwa wadudu wengi, hapa ndipo jibu lilipo, maana jike anahitaji kiungo cha kutagia na dume anahitaji kiungo cha kumshikia jike. Mlaze mdudu chali au ubavu, uelekeze mwanga kwenye ncha ya tumbo, na utulie.

Nzige wa jangwani, waliovamia Kenya na nchi jirani mwaka 2020, ni mfano rahisi kuliko yote. Jike aliyekomaa ana vipande vinne vifupi na vigumu mwishoni mwa tumbo, viwili juu na viwili chini, vyenye ncha nyeusi, ambavyo hufunguka na kufunga anapochimba ardhi ya mchanga ili azamishe tumbo na kutaga. Dume hana vipande hivyo. Mwisho wa tumbo lake umefungwa kwa bamba moja laini lililopinda kwenda juu. Alama hizo hizo hutumika kwa panzi wengi wa mashambani. Katika kundi lililokomaa, dume huwa wa njano iliyokolea zaidi, lakini rangi ni ya kuunga mkono hoja, si ya kuamulia.

Nzi wa matunda wanastahili muda mrefu zaidi, kwa sababu hasara yao ni kubwa na kwa sababu mitego yao huwachanganya watu. Yule anayesumbua zaidi maembe leo aligunduliwa Kenya mwaka 2003, akapewa jina la Bactrocera invadens mwaka 2005, na baadaye wanasayansi wakakubaliana kwamba ni spishi ile ile ya Asia iitwayo Bactrocera dorsalis. Mweke nzi aliyetulia ubavu. Tumbo la jike huwa jembamba kuelekea nyuma na kuishia kwenye mrija mgumu uliochongoka, ambao ndio anaoutumia kutoboa ganda la embe. Tumbo la dume huishia kwa mviringo, halina mrija. Ikiwa una shaka, bana tumbo taratibu kwa ubavu wa pinseti: kwa jike, ncha nyembamba ya kutagia, ambayo kwa kawaida imejificha ndani ya mrija, itasogea nje kama milimita moja au zaidi, kwa dume hakutatokea kitu cha aina hiyo. Alama ya pili ya dume wa spishi hii ni safu ya nywele ngumu pembeni mwa pingili ya tatu ya tumbo, kila upande safu moja, na huonekana vizuri nzi akitazamwa kutoka juu kwa mwanga wa ubavuni.

Usimchunguze nzi aliyetoka kwenye pupa siku hiyo hiyo. Mwili wake bado ni laini na rangi imepauka, tumbo lake huwa limejikunja, na dume anaweza kuonekana ana ncha.

Mdudu wa kunde, Callosobruchus maculatus, anatambuliwa kwa bamba lililo mwishoni mwa tumbo, ambalo haliingii chini ya mabawa magumu na hivyo huonekana wazi kutoka nyuma. Kwa jike, bamba hilo ni kubwa na lina mabaka mawili meusi, kulia na kushoto, yaliyotengwa na mstari mweupe wa katikati. Kwa dume, bamba ni dogo na halina mabaka hayo. Jike huwa pia na madoa meusi yaliyokolea zaidi juu ya mabawa. Kuna tahadhari moja: katika gunia lililojaa wadudu kupita kiasi huzaliwa umbo la pili, lenye uwezo mkubwa wa kuruka, ambalo rangi zake si hizi, kwa hiyo jizoeze kwanza kwa wadudu waliotoka katika kunde zenye mashambulizi machache. Kwenye maharage hukutana mara nyingi na Zabrotes subfasciatus, ambaye ni zawadi kwa anayejifunza: jike ni mkubwa, mweusi, mwenye mabaka manne ya rangi ya maziwa mgongoni, na dume ni mdogo mwenye rangi ya kahawia isiyo na mabaka. Watu wengi huwadhania kuwa ni wadudu wawili tofauti.

Kwa wafugaji, mbung'o huingia katika hatua hii. Dume na jike wote hunyonya damu, kwa hiyo kuumwa hakukuambii lolote. Mgeuze chali: dume ana uvimbe wa mviringo uliokunjwa chini ya ncha ya tumbo, mfano wa kifungo cha shati kilichoshonwa kwenye kitambaa, na jike hana. Huko Unguja, ambako mbung'o aina ya Glossina austeni walitokomezwa kwa kuachiliwa madume waliohasiwa kwa mionzi, madume waliozalishwa Tanga, kutenganisha dume na jike kulikuwa sehemu ya kazi ya kila siku. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Mradi huo uliwezekana kwa sababu jike wa mbung'o kwa kawaida hujamiiana mara moja tu, na akikutana na dume tasa, uzazi wake umekwisha.

Chonga wa minazi, Oryctes monoceros, huwapotosha wengi kwa sababu ya pembe. Dume ana pembe ndefu na jike ana fupi, lakini dume aliyekosa chakula cha kutosha utotoni huota pembe fupi vilevile. Mgeuze basi na utazame nyuma: jike ana nywele nyingi za kahawia mwishoni mwa tumbo, na dume ni laini.

Hatua ya tano: tazama kichwa

Fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, ana urefu wa milimita tatu hivi, na tumbo lake limefunikwa kiasi kwamba hatua iliyotangulia haisaidii sana. Jibu lake liko kwenye ule mdomo mrefu uliochomoza mbele ya kichwa, ambao hapa tutauita mkonga. Mshike kwa brashi yenye unyevunyevu ili asiteleze, umweke ubavu, ulaze mwanga kutoka nyuma yake. Mkonga wa dume ni mfupi, mnene, haung'ai, na umejaa vishimo vikubwa vilivyosongamana hadi karibu na ncha. Mkonga wa jike ni mrefu na mwembamba zaidi, umepinda kidogo, na sehemu yake ya mbele ni laini yenye kung'aa, vishimo vikiwa vidogo na vichache. Sababu yake inajulikana: jike hutumia mkonga kuchimba kishimo ndani ya punje, hutaga yai moja, kisha huliziba kwa ute unaoganda, na kwa kazi hiyo mkonga mrefu na laini unafaa zaidi.

Maneno "mrefu" na "mfupi" hayana maana yoyote mbele ya fukusi mmoja. Wapange kumi au zaidi kwenye mstari, vichwa vikielekea upande mmoja, na uanze kwa kumtafuta yule mwenye mkonga mfupi kuliko wote na yule mwenye mrefu kuliko wote. Hao wawili wawe vipimo vyako, na wengine uwalinganishe nao. Wale wawili au watatu wasioelekea upande wowote watazamwe kwa alama ya pili: ukimtazama fukusi kutoka ubavuni, ncha ya tumbo la dume hupinda kwenda chini, na ya jike huendelea karibu moja kwa moja nyuma. Baada ya hapo, anayebaki na shaka aandikwe "hajulikani", bila aibu. Orodha isiyo na hata mmoja asiyejulikana hunitia wasiwasi kuliko yenye watano.

Alama hizo zinafaa pia kwa fukusi wa mchele, Sitophilus oryzae, jambo linalopunguza usumbufu, kwani kwa macho matupu spishi hizo mbili karibu hazitofautishiki. Kwa dumuzi, Prostephanus truncatus, ambaye kichwa chake kimeinamia chini ya kidari na sehemu ya nyuma ya mabawa imekatika wima, tofauti za nje kati ya dume na jike ni ndogo mno kwa lenzi ya mkono. Usipoteze muda, mhesabu tu kama dumuzi.

Katika choroko na dengu huweza kupatikana Callosobruchus chinensis, jamaa wa mdudu wa kunde, ambaye vipapasio vya dume wake vina matawi marefu upande mmoja, na vya jike vina meno mafupi tu. Katika nzi wa matunda, dume wa Ceratitis capitata ana jozi ya nywele ndefu katikati ya macho zenye ncha pana nyeusi ya umbo la almasi, alama ambayo jike hana kabisa. Kwa Waswahili walioko Oman na Ghuba, wanaofanya kazi kwenye mashamba ya mitende, mdudu mwekundu wa mitende, Rhynchophorus ferrugineus, hutambuliwa pia kwa mkonga: dume ana kishungi cha nywele fupi za kahawia juu ya mkonga karibu na ncha, na mkonga wa jike ni mtupu, mrefu na mwembamba.

Hatua ya sita: tazama mabawa ya nondo

Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, alithibitishwa Afrika Magharibi na Kati mwaka 2016 na kufika Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Nondo wake ana upana wa milimita 32 hadi 40 mabawa yakiwa yamefunguliwa. Mabawa ya nyuma ni meupe yenye kung'aa na ukingo mwembamba mweusi kwa dume na jike vilevile, kwa hiyo yaache na utazame ya mbele. Bawa la mbele la dume lina mchanganyiko wa kijivu na kahawia, doa jeupe la pembetatu karibu na ncha ya nje, na doa jingine la mviringo mrefu lililolala mshazari karibu na katikati. Bawa la mbele la jike ni la kijivu-kahawia lililofifia, karibu lisilo na mchoro unaokamata jicho.

Nondo aliyekaa mtegoni siku kadhaa hupoteza magamba, na dume mchakavu huanza kufanana na jike. Hapo kuna alama ambayo haichakai. Kwa pinseti, inua bawa la mbele kutoka upande wa chini na utazame shina la bawa la nyuma, ambapo kuna unywele mgumu unaoyaunganisha mabawa hayo mawili. Dume ana unywele mmoja mnene. Jike ana nywele zaidi ya moja, nyembamba, zilizosimama pamoja. Kazi hiyo inataka mkono mtulivu na lenzi nzuri, lakini ukishaifanya mara chache inakuwa nyepesi kuliko kubishana juu ya madoa, na inafaa kwa nondo wengine wengi wa jamaa hiyo.

Kwa kanitangaze wa nyanya, Tuta absoluta, nondo mwenye urefu wa milimita sita hivi, michoro ya mabawa haisaidii. Tumbo la jike ni pana na lina rangi ya krimu, la dume ni jembamba zaidi.

Jike wa kiwavijeshi vamizi huacha pia ushahidi ambao hauhitaji lenzi: hutaga mayai kwa mafungu, mara nyingi ya mayai 100 hadi 200, na kuyafunika kwa magamba ya tumbo lake yanayoonekana kama manyoya ya kijivu juu ya jani. Fungu la mayai lililopatikana ni jike aliyepita hapo, awe amenaswa dume mtegoni au la.

Hatua ya saba: chunguza pupa

Pupa ni hatua inayosahaulika, ilhali kwa nondo ndiyo inayotoa jibu la uhakika zaidi, kwa kuwa haikimbii na haina magamba ya kubanduka. Pupa wa kiwavijeshi vamizi hupatikana ardhini, kwa kawaida kwenye kina cha sentimita 2 hadi 8, karibu na mashina ya mahindi yaliyoshambuliwa. Ni wa kahawia nyekundu, urefu wake milimita 14 hadi 18.

Msafishe kwa brashi, mshike chali, na utazame pingili za mwisho kuelekea kwenye ncha yenye miiba miwili midogo. Katika pingili ya mwisho kabisa, dume na jike wote wana mpasuko wa haja. Mbele yake kuna mpasuko wa uzazi, na umbali kati ya mipasuko hiyo miwili ndio unaoamua. Kwa dume, mpasuko wa uzazi uko kwenye pingili ya tisa, karibu sana na ule wa haja, na umezungukwa na vivimbe viwili vidogo vya mviringo, kimoja kila upande. Kwa jike, mpasuko uko kwenye pingili ya nane, mbali zaidi na ule wa haja, hauna vivimbe, na mistari ya pingili inayofuata huvutwa mbele kuuelekea. Usihangaike kuhesabu pingili. Vivimbe na umbali vinatosha. Utaratibu huo unatumika kwa nondo wengi waharibifu, wakiwemo bungua wa mahindi, ambao pupa wao hupatikana ndani ya bua.

Anayetaka kuhakikisha jicho lake aweke kila pupa aliyemwamua katika chupa yake yenye udongo kidogo wenye unyevu, aandike "dume" au "jike" juu yake, na katika hali ya joto angoje wiki moja na nusu hivi hadi nondo atoke. Kisha amtazame mabawa. Hakuna mwalimu mkali kuliko chupa hizo.

Hatua ya nane: soma hesabu kulingana na mtego

Andika kila mara aina ya mtego na kivutia kilichotumika, tarehe, zao, idadi ya madume, idadi ya majike na idadi ya wasiojulikana. Bila kivutia, idadi hizo hazina tafsiri.

Mtego wa feromoni wa kiwavijeshi au wa kanitangaze unaoonyesha madume asilimia 100 haujakuambia chochote kuhusu uwiano wa jinsia shambani. Umekuambia tu kwamba nondo wamefika na kwamba ni wakati wa kukagua majani kutafuta mayai na viwavi wachanga. Mtego wa methili yujeno, kivutia chenye harufu inayowaita madume, kwa nzi wa maembe hunasa madume vilevile. Unaweza kutumiwa kuwapunguza, lakini ni lazima mitego iwe mingi, itundikwe mapema na kwa eneo kubwa, kwa sababu madume wachache wanaobaki hutosha kuwapanda majike wote. Mkulima mmoja mwenye mitego miwili katikati ya bustani za jirani asitarajie mengi.

Mtego wa chambo cha protini ndio wa kutazamwa kwa makini zaidi kwenye bustani, kwa sababu majike wa nzi wa matunda wanahitaji protini ili mayai yao yakomae. Wachukue majike kadhaa kutoka humo na uwapasue tumbo kwa pini ndani ya tone la maji. Ukiona mayai meupe, membamba na marefu, yaliyojazana, ujue utagaji umeanza au uko karibu sana, na matunda yaliyokaribia kuiva yanahitaji hatua sasa: chambo chenye sumu kinyunyiziwe kwa madoa, na matunda yote yaliyoanguka yaokotwe na kufukiwa au kufungiwa katika mifuko ya plastiki juani. Ukiona mifuko ya mayai iliyosinyaa, bado una siku chache mkononi.

Ghalani, fukusi waliochekechwa kutoka katika gunia kwa kawaida huwa na madume na majike kwa idadi zinazokaribiana. Ukipata uwiano ulioegemea sana upande mmoja katika sampuli kubwa, kagua kwanza macho yako na lenzi kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Hatua ya tisa: hifadhi na utume sampuli ipasavyo

Inapobidi kumpelekea mtaalamu, iwe kupitia afisa ugani wa kata, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu nchini Tanzania au KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea nchini Kenya, tuma madume na majike pamoja. Spishi nyingi za wadudu zinazofanana, wakiwemo fukusi wa mahindi na wa mchele, hutenganishwa kwa hakika kwa kupasua viungo vya uzazi, hasa vya dume, na sampuli ya majike matupu inaweza kurudishwa bila jibu.

Nzi, fukusi na wadudu wa kunde watiwe kwenye spiriti ya asilimia 70. Nondo wakaushwe na kulazwa ndani ya kiboksi chenye karatasi laini, si pamba, kwa kuwa nyuzi za pamba hunasa miguu na kuikata. Lebo iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye spiriti, na iwekwe ndani ya chupa badala ya kubandikwa nje: mahali, tarehe, zao, namna mdudu alivyopatikana, na jinsia uliyoiamua wewe mwenyewe, ili mtaalamu akikusahihisha ujue ni alama gani uliyoisoma vibaya.